Taya la mtoto wa Mulago, na swali la shangazi yangu

Ilianza na jino kulegea. Binamu yangu alikuwa na miaka sita, kwetu huku Rorya, na mtoto wa miaka sita jino likilegea nani anashtuka jamani, si ndo umri wake wa kung'oka meno ya utoto. Ila lililolegea lilikuwa gego, la nyuma huku juu, sio la mbele, na la pembeni yake nalo likaanza kucheza, afu shavu likajaa. Akapelekwa zahanati wakasema ni jipu la jino, wakang'oa, wakampa amoksilini akarudi nyumbani. Wiki iliyofuata shavu limekuwa mara mbili na jicho la upande ule limeanza kusukumwa nje. Hapo ndo maneno yakaanza, huyu anasema kalogwa, yule anasema mama yake alikula kitu akiwa na mimba, mwingine kaleta dawa ya kupaka. Mpaka anafikishwa hospitali kubwa Mwanza ni wiki ya tano, wakakata kipande cha nyama wakapima, jibu likatoka: limfoma ya Burkitt. Saratani.

Shangazi, mama yake, hakuuliza kama atapona. Aliniangalia tu akasema, "Mwanangu, wewe umesoma. Hebu niambie, nilimlisha nini mtoto huyu?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nikaanza kusoma, na kadiri nilivyosoma nikagundua jibu la shangazi lipo ndani ya kisa cha mtoto mwingine kabisa, ng'ambo ya Ziwa Victoria hilohilo tunalovua samaki, mwaka 1957. Nakieleza kwa kirefu maana sijaona kisa kingine kinachoonyesha wazi hivi saratani inavyozaliwa mwilini, hatua kwa hatua, na kwa nini ukimuuliza daktari "imesababishwa na nini" anakaa kimya kidogo kabla ya kujibu.

Hospitali ya Mulago, Kampala, Uganda, 1957. Daktari mmoja wa magonjwa ya ndani, Hugh Trowell, ana mtoto wa kiume wa miaka mitano wodini amevimba uso na haelewi ni nini, akamwita daktari wa upasuaji aje amuone. Huyo wa upasuaji ni Denis Burkitt, mtu wa Ireland, alikuwa na jicho moja tu, lingine lilipotea kwenye ajali akiwa mtoto. Burkitt akaangalia, akaona kitu cha ajabu: uvimbe uko taya la juu kulia na kushoto, na la chini kulia na kushoto, pande zote nne. Ingekuwa usaha wa jino ungekaa upande mmoja. Na uvimbe wa saratani ya kawaida nao unaanza sehemu moja afu unasambaa, hauchipuki pembe nne kwa pamoja kama mtu kapanda mbegu. Akapiga picha, akaandika, akaishia hapo kwa sababu hakujua afanye nini zaidi.

Wiki chache baadaye yuko hospitali ya Jinja, anachungulia dirishani, anaona mama amekaa kwenye majani na mtoto ana uso ule ule. Akatoka mbio akamkagua, tayani kuna uvimbe, akabonyeza tumbo, humo nako kuna uvimbe. Sasa hapa ndo namheshimu huyu mzee, maana mwingine angesema tu ni mkosi, kesi mbili za ajabu mwezi mmoja. Yeye alirudi Mulago akafungua mafaili ya zamani ya watoto wenye saratani, na ripoti za waliopasuliwa baada ya kufa, akakuta kitu kinajirudia: mtoto mwenye uvimbe wa taya mara nyingi alikuwa na uvimbe pia kwenye figo, kwenye ini, kwenye ovari, kwenye tezi za juu ya figo. Kila daktari alikuwa anaandika kile alichokiona kwenye kiungo chake, na jina lake tofauti, kumbe ni ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akachapisha kesi 38. Mwenyewe aliita sarkoma ya taya, yaani saratani ya mifupa na nyama, baadaye wataalamu wa kupima vipande vya nyama pale pale Kampala wakasema hapana, hii ni limfoma, yaani saratani ya seli za kinga ya mwili.

Na sio kwamba ugonjwa ulizaliwa mwaka ule. Albert Cook, aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwaka 1897, alishawaona watoto wenye mataya ya hivi na kuyaandika kwenye madaftari yake. Na kina mama wa kando ya ziwa walikuwa wanaujua muda wote, walikuwa wanazika watoto kwa ajili yake. Hakukuwa tu na mtu aliyekaa akaunganisha.

Baada ya hapo Burkitt akafanya kitu ambacho mi naona ndo moyo wa kisa chote. Akauliza: unatokea wapi? Sio tu kwenye kiungo gani, unatokea wapi duniani. Akatuma barua na picha kwenye hospitali za Afrika nzima kuuliza kama mmewahi kuona watoto kama hawa. Halafu Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva huko West Nile na Cliff Nelson, wakapanda gari aina ya Ford, kuukuu, wakatoka Kampala wakashuka kusini, wiki kumi, karibu kilomita 16,000, hospitali 57, kila wanakofika swali ni hilohilo na picha ni zilezile. Utafiti wa gharama ndogo kabisa ule, ukilinganisha na uliyokuja kuyazaa.

Ramani ikaanza kujichora. Ugonjwa ulikuwa kwenye mkanda unaopita katikati ya Afrika, kama nyuzi 15 kaskazini na 15 kusini ya ikweta, na mkia unaoshuka pwani ya Msumbiji. Ndani ya mkanda kuna mabaka matupu. Ukipanda juu ya mita 1,500 hivi karibu na ikweta, haupo, milima ya Kenya haupo, nyanda za juu za Rwanda na Burundi vilevile. Mwanzo wakadhani ni suala la mwinuko, ila walipozidi kushuka kusini wakaona mpaka nao unashuka, mita mia kadhaa tu, mpaka unakuta ni pwani tupu. Kwa hiyo sio mwinuko, ni joto! Pasiposhuka chini ya nyuzi 15 au 16 za selsiasi ugonjwa upo, na mvua nayo lazima iwe ya kutosha, kama milimita 500 kwa mwaka kwenda juu. Joto na mvua. Mtu yeyote aliyekulia kanda ya ziwa akisikia joto na mvua anajua kinachofuata ni mbu.

Alafu kuna Unguja na Pemba. Joto lipo, mvua ipo, bahari ipo hapo, kila kitu kinasema ugonjwa uwepo, lakini ulikuwa haba sana. Na Zanzibar miaka hiyo ndo walikuwa kwenye kampeni kali ya kupambana na malaria. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza nzito kuhusu malaria, ila mwanzo wengi walielekea kwingine, walidhani mbu anabeba virusi vya saratani moja kwa moja kutoka kwa mtoto mpaka kwa mtoto.

Na kweli virusi vilikuwepo, ila sio kwa njia waliyodhani. Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, kwenye hospitali ya Middlesex, na kwenye kiti kulikuwa na mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa anasaka virusi vinavyoleta saratani. Wakakubaliana, vipande vya uvimbe vya watoto wa Uganda vikaanza kusafirishwa kwa ndege kwenda London. Miaka miwili na zaidi Epstein anaangalia haoni kitu. Desemba 1963 ndege ikashindwa kutua London kwa ukungu ikapelekwa Manchester, sampuli ikafika imechelewa, maji yake yamechafuka hayaonyeshi tena, mtu mwingine angesema yameingia bakteria akatupa. Epstein akachukua tone akaweka kwenye hadubini: sio bakteria, ni seli za uvimbe zimebanduka na zinaelea zikiwa hai. Yeye na msaidizi wake Yvonne Barr wakazikuza, na Februari 1964, kwenye hadubini ya elektroni aliyokuwa anashughulika nayo Bert Achong, virusi vikaonekana ndani ya seli, vya jamii ya herpesi, vipya kabisa. Machi 1964 vikatangazwa. Ndo virusi vya Epstein-Barr, EBV, virusi vya kwanza kabisa kuhusishwa na saratani ya binadamu, na vimetoka kwenye mataya ya watoto wa Uganda. Nalisema hili kwa uzito maana majina yaliyobaki kwenye vitabu ni ya madaktari, ya watoto hayapo.

Sasa ungedhani kesi imefungwa. Virusi vimepatikana, virusi ndo sababu, tengeneza chanjo twende nyumbani. Hapana, hapa ndo inakuwa ngumu na hapa ndo watu wengi wanakosea wanapoongelea saratani yoyote ile.

Walipoanza kupima damu za watu, wakakuta EBV iko kila mahali. Zaidi ya asilimia 90 ya watu wazima duniani wanayo. Wewe unayesoma karibu hakika unayo. Huambukizwa kwa mate, na kwetu watoto wengi wanaipata kabla ya miaka mitatu, mama kamtafunia mtoto chakula, dada kamnywesha na kikombe chake, basi. Ulaya na Marekani wengi wanaipata ukubwani kidogo na wengine inawaletea homa na kuvimba tezi za shingo, wanalala wiki kadhaa wanapona. Saratani hawapati. Kwa hiyo virusi peke yake haitoshi. Watoto mia wa kijiji kimoja wote wana EBV, na pengine hakuna hata mmoja atakayeugua limfoma.

Je haihusiki kabisa? Nayo hapana. Miaka ya 1972 mpaka 1974 watafiti wakiongozwa na Guy de-Thé walichukua damu ya watoto kama 42,000 huko West Nile Uganda, wakaihifadhi, wakasubiri. Fikiria uvumilivu wa utafiti huo, tena Uganda ya miaka ile. Baadhi ya watoto wakaja kuugua, wakarudi kwenye damu ya zamani iliyochukuliwa wakiwa wazima, wakakuta watoto wale walikuwa na kingamwili za EBV juu sana kuliko wenzao tangu kabla ya kuugua. Maana yake mwili wao ulikuwa unapigana na virusi vingi kuliko kawaida, muda mrefu kabla uvimbe haujatokea.

Kwa nini kwao viwe vingi? Turudi kwenye malaria. Mtoto wa kanda ya ziwa haugui malaria mara moja. Anaugua, anapona, anaugua, na hata akiwa anacheza mpira ana vijidudu vyake damuni. Malaria ya namna hiyo inafanya mambo mawili. Inachokoza seli B, zile seli za kinga zinazotengeneza kingamwili, zinazaliana bila kupumzika miezi na miezi, na EBV makazi yake ni humohumo ndani ya seli B. Alafu inachosha zile seli nyingine za ulinzi, seli T, ambazo kazi yake ni kuhakikisha seli zenye EBV haziongezeki. Askari wamelala, na nyumba za mhalifu zinajengwa kila siku.

Na hapa kisa kinafika nyumbani kabisa. Mwaka 1977 mpaka 1982, Mara kaskazini, yaani huku huku kwetu upande wa Shirati, kulifanyika jaribio la kuwapa watoto wadogo klorokwini kila baada ya wiki mbili, lengo ni kuona malaria ikishuka je na limfoma itashuka? Ikashuka. Ila ukiangalia vizuri, ilikuwa imeanza kushuka hata kabla ya vidonge, na katikati ya jaribio vijidudu vya malaria vikaanza kuizoea klorokwini, malaria ikapanda tena. Kwa hiyo wenyewe watafiti hawakuweza kusema kwa sauti kuu kwamba imethibitika. Napenda ukweli wao huo. Ushahidi mwingine ukajazia baadaye, mpaka wa vinasaba: tafiti za miaka ya karibuni huku Afrika Mashariki zimeonyesha watoto wenye kinasaba kimoja cha selimundu, wale AS, ambao wanakingwa na malaria kali, wanapungukiwa pia na hatari ya limfoma hii. Kinasaba kinachomkinga mtoto na malaria kikimkinga na saratani pia, hapo uhusiano huwezi kuukwepa.

(Kuna wanaoongezea mnyaa, ule mti wa utomvu mweupe tunaoupanda kuzungushia miji, wengine wanauita manyara. Maabara imeonyesha utomvu wake unaweza kuamsha EBV iliyolala, na mti wenyewe umejaa kwenye mkanda ule ule. Ushahidi wake haufikii wa malaria hata kidogo, lakini watoto wasichezee ule utomvu, kwanza unapofua macho.)

Haya, tuna virusi na tuna malaria. Bado haitoshi! Vijijini kwetu karibu kila mtoto ana vyote viwili na bado wanaougua ni wachache sana. Kuna kitu cha tatu, na cha tatu hiki ndo saratani yenyewe, vingine vyote vilikuwa vinaandaa shamba.

Seli B ina tabia moja ambayo seli nyingine hazina. Ili itengeneze kingamwili inayomkamata adui vizuri inabidi ikate DNA yake yenyewe, yaani ule uzi wenye vinasaba vyake, kwa makusudi, ichanganye vipande, iunge upya, ijaribu tena. Ina kimeng'enya maalumu cha kazi hiyo ya kukata. Ni kazi ya hatari, ni kama fundi anayefanya marekebisho ya waya umeme ukiwa umewaka, lakini inafanyika mwilini mwako kila siku na karibu mara zote inaisha salama. Sasa mtoto mwenye malaria ya kila mara anakatiwa DNA kwenye seli B mamilioni kwa mamilioni, mwezi baada ya mwezi. Siku moja, kwenye seli moja, kimeng'enya kinakata pasipotakiwa. DNA imefungwa kwenye mafungu yanayoitwa kromosomu, na kipande cha kromosomu ya 8 kinaungwa kwenye kromosomu ya 14.

Kwenye hicho kipande cha kromosomu ya 8 kuna jini, yaani kinasaba (sio jini wa mapepo), inaitwa MYC. Kazi yake ni kuiambia seli "kua, gawanyika". Ni jini nzuri, bila hiyo usingekua tumboni mwa mama yako, ila kwa kawaida iko kwenye mgao, inawashwa kidogo inazimwa. Kule kromosomu ya 14 kuna laini ya jini za kingamwili, na ndani ya seli B ile laini haikatiwi umeme hata dakika. MYC ikiunganishwa pale mgao umeisha. Pampu inasukuma usiku na mchana. Huo ndo uchunguzi uliokamilika mwaka 1982, baada ya watu kama George Manolov na Yanka Manolova kuona kromosomu ya 14 yenye kipande cha ziada tangu mwaka 1972, na Lore Zech na wenzake kuonyesha mwaka 1976 kwamba kipande kile kinatoka ya 8. Wagonjwa wachache MYC inahamia kromosomu ya 2 au ya 22, huko nako kuna jini za kingamwili, hadithi ni ile ile.

Lakini mwili nao sio mjinga. Seli ikiwashwa kupita kiasi ina amri ya kujiua, na MYC ikipanda sana amri hiyo inatolewa. Ajali kama hizi pengine zinatokea kwa watu wengi na seli inakufa kimyakimya hakuna anayejua. Hapo ndo EBV inalipa kodi ya nyumba: virusi hivi vinaisaidia seli kukwepa kufa, maana vyenyewe vinataka nyumba yao isimame. Na seli ikishapona kujiua inaendelea kugawanyika, na katika kugawanyika makosa mengine yanaongezeka, breki nyingine zinaharibika, kwa mfano jini ile ya p53 ambayo ndo msimamizi mkuu wa kuzuia seli mbovu. Seli moja. Saratani nzima ya mtoto inatoka kwenye seli moja tu iliyopitia milango yote ile mmoja baada ya mwingine.

Sasa sababu ni ipi? Mi nimelifikiria sana hili. Ukichukua limfoma ya Burkitt ya Ulaya au Marekani, ambako malaria haipo, nako wapo watoto wachache wanaoipata, na wengi wao hawana EBV kwenye uvimbe. Uvimbe wao mara nyingi uko tumboni. Wenye VVU nao wanaipata zaidi, sababu kinga yao imevurugika kwa njia nyingine. Lakini kwa wote hao, MYC imehama. Kwa hiyo naona hivi: kuhama kwa MYC ndo tukio, ndo ajali yenyewe. Malaria na EBV sio zilizosababisha kama kisu kinavyosababisha jeraha, ni zilizoongeza nafasi ya ajali kutokea na kuizuia isijirekebishe. Ukitaka kusema nani ana hatia utazunguka, ukiuliza mlango upi unaweza kufungwa utapata jibu haraka, na mlango ule ni wa malaria.

Ukielewa hili umeelewa nusu ya saratani zote. Mlango wa kizazi: virusi vya HPV ambavyo wanawake wengi wanavipata na mwili unavifukuza, kwa wachache vinabaki, seli zinabadilika polepole, miaka 10, 15, 20 mpaka saratani. Ini: homa ya ini B inachokoza ini miongo, ukichanganya na sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga hatari inapanda zaidi. Mapafu na sigara hivyo hivyo. Tofauti ni muda tu.

Na muda ndo kinachotisha kwenye hii. Limfoma ya Burkitt ni kati ya saratani zinazokua haraka kuliko zote za binadamu, seli zake zinaweza kujizidisha mara mbili ndani ya saa 24 mpaka 48. Piga hesabu. Seli moja ikijizidisha mara 30 zinakuwa zaidi ya bilioni moja, kama gramu moja, karanga moja. Hapo hakuna anayeona kitu, labda gego limeanza kucheza. Mara saba zaidi, karanga ile inapita gramu mia. Kwenye mwili halisi seli nyingi zinakufa njiani kwa hiyo inachukua muda mrefu kidogo kuliko hesabu ya karatasi, lakini ndo hivyo, jino linacheza leo, wiki mbili tatu shavu limejaa, na wanaoupata zaidi ni watoto wa miaka minne mpaka saba hivi, wa kiume karibu mara mbili ya wa kike, umri ambao magego ya kudumu yanajengeka ndani ya taya na ndo umri ambao jino kulegea halimshtui mtu.

Zile wiki tano za binamu yangu nimezihesabu mara nyingi kichwani. Zahanati sikulaumu sana, aliyekuwepo aliona jino bovu na dawa ya jino alikuwa nayo. Ila angebonyeza tumbo. Angeuliza kama kuna jino lingine linalocheza. Burkitt pale Jinja hakuwa na mashine yoyote, alitumia mkono.

Kitu kimoja kizuri kwenye ugonjwa huu mbaya, na hiki nataka kila mzazi akijue: kile kinachoufanya ukue haraka ndo kinachoufanya ufe haraka. Dawa za kemo zinaua seli zinazogawanyika, na hizi karibu zote zinagawanyika kwa wakati mmoja. Mwanzo walikuwa wanakata taya, unabaki na mtoto asiye na uso na uvimbe unarudi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Burkitt Kampala na Peter Clifford Nairobi wakaanza kujaribu dawa, na wakashangaa, mtoto anapewa dozi chache, nyingine moja tu, uvimbe unayeyuka ndani ya siku chache, na baadhi hawakuugua tena maisha yao. Mwaka 1967 pakafunguliwa Mulago kituo cha kutibu limfoma, John Ziegler kutoka Marekani akakiongoza, na mwaka 1972 Charles Olweny, Mganda, akakipokea kipindi kigumu kabisa cha Amin akakishikilia. Ndo Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Mataifa tajiri sasa yanaponya watoto zaidi ya tisa kati ya kumi. Kwetu tuko chini ya hapo sana, na sio kwamba dawa ni tofauti, nyingi ni zilezile. Ni mtoto kufika uvimbe umeshaingia kwenye uti wa mgongo au ubongo, nauli kuisha katikati ya dozi, mama kuwa na watoto wengine wanne nyumbani, uvimbe kuyeyuka baada ya dozi ya pili na familia kudhani amepona wakaondoka. Asiondoke! Uvimbe kutoonekana sio seli kuisha, rudia ile hesabu ya karanga.

Hata ile kuyeyuka kwenyewe ina hatari yake, seli nyingi zikifa kwa pamoja takataka zake zinaziba figo, ndo maana wanamjaza mtoto maji ya dripu kabla ya kuanza na kumpima mkojo kila saa. Shangazi aliwahi kugombana na nesi juu ya maji hayo, aliona wanamjaza mtoto bure wakati dawa hawampi.

Nilimjibu shangazi miaka mitatu baadaye, nimeshaelewa mwenyewe. Nilikaa naye nje, nikamwambia, "Shangazi, hukumlisha chochote. Kuna virusi karibu kila mtoto anavipata kwa mate, na wewe unavyo, na mimi ninavyo. Kuna malaria zile za kila mvua. Afu kuna seli moja iliyokosea kujikata, moja tu, na hiyo haikutoka kwako wala kwa baba yake, ilitokea ndani yake mwenyewe akiwa anacheza. Hakuna aliyeiona."

Akanyamaza muda mrefu. Akauliza, "Kwa hiyo huyu mdogo wake nifanyeje?"

"Neti shangazi. Na homa akiipata usikae nayo. Na gego likicheza mshike uso pande zote mbili umpapase na tumbo."

Binamu yangu yupo, alimaliza dozi zote sita, sasa hivi ana miaka kumi na tisa. Magego ya kudumu upande ule yaliota, mawili yamekaa upande kidogo, na anatafunia kushoto.